Presha inayopanda na kushuka kwa mwenye ateri za shingo zilizobana: jinsi ya kuipima siku saba, na la kufanya na namba unazopata

Daftari nyingi za presha zinazopelekwa kliniki zina kasoro zilezile. Namba moja kwa siku. Leo imepimwa asubuhi, kesho usiku. Juzi mkono wa kulia, jana wa kushoto. Saa haikuandikwa, wala hakuna neno pembeni la kueleza kwa nini Jumanne ilifika 170.

Kwa wengine daftari la namna hiyo linavumilika. Kwa mtu ambaye ultrasaundi imeonyesha kuwa ateri za shingo zinazopeleka damu kwenye ubongo zimebana, halimsaidii. Daktari wake anahitaji kuona wastani wa presha, na pia anahitaji kuona inaruka kiasi gani kutoka kipimo hadi kipimo. Mwongozo huu ni wake na wa anayemuuguza. Haubadilishi dozi ya dawa yoyote. Hiyo ni kazi ya daktari.

## Kwa nini kupanda na kushuka kote ni hatari

Ubongo wenye ateri nzima hujirekebisha wenyewe. Presha ikishuka, vimishipa vyake vidogo hutanuka. Ikipanda, hujikaza. Damu inayofika hubaki karibu ileile.

Ateri ya shingo ikibana sana, vimishipa vilivyo mbele ya mbano huwa vimekwisha kutanuka kadiri ya uwezo wao ili kupata damu ya kutosha. Havina tena akiba. Kuanzia hapo presha ikishuka, damu nayo inapungua, na sehemu za ubongo zinazoumia kwanza ni zile za mpakani kati ya ateri moja na nyingine, kama mashamba ya mwisho wa mfereji maji yanapopungua mtoni.

Ikipanda ghafla, hatari ni ya aina nyingine. Utando unaofunika mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa ateri huweza kupasuka, damu ikaganda juu yake, na kipande kikachukuliwa hadi kwenye ubongo. Presha ya juu pia huweza kupasua vimishipa vilivyomo ndani ya ubongo wenyewe.

Mwaka 2010 Peter Rothwell na wenzake wa Oxford walionyesha katika jarida la The Lancet kwamba watu waliowahi kupata kiharusi cha muda mfupi, na ambao presha yao ilitofautiana sana kutoka ziara moja ya kliniki hadi nyingine, walipata kiharusi zaidi, hata wastani wao ulipokuwa sawa na wa wenzao.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mashine ya kidijitali ya kufunga mkono wa juu. Ya kifundoni iache: ukishusha mkono kidogo tu, namba inabadilika. Kabla ya kununua, tafuta modeli yake katika orodha ya mashine zilizothibitishwa kwenye tovuti ya STRIDE BP, ambayo ni bure.
- Mkanda wa mashine unaolingana na mkono wako (angalia hatua ya 1).
- Tepu ya fundi cherehani.
- Kiti chenye egemeo, na meza.
- Betri mpya. Betri iliyochoka hujaza mkanda polepole na kuleta makosa.
- Daftari lenye safu saba: tarehe, saa, mkono, kipimo cha kwanza, kipimo cha pili, mapigo ya moyo, maelezo.
- Orodha ya dawa zote, zikiwemo za duka la dawa na za mitishamba.

## Hatua ya 1: Hakikisha mkanda unakutosha

Tafuta katikati ya bega na kiwiko, kisha zungusha tepu hapo. Linganisha sentimita ulizopata na kipimo kilichoandikwa kwenye mkanda. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkono ukiwa na 36, unahitaji mkanda mkubwa.

Hili ndilo kosa linalowapa watu wanene dawa wasizozihitaji. Mkanda mdogo kwa mkono mkubwa unaweza kupandisha namba kwa 5, na kwa mkono mkubwa sana hata karibu 20. Mtu anaongezewa kidonge, presha yake halisi inashuka mno, na yeye ni yuleyule mwenye ateri zilizobana.

Mkanda uliokaa vizuri unaingiza vidole viwili kwa chini yake, na ukingo wake wa chini uko sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko.

## Hatua ya 2: Chagua mkono mmoja, na usiuhame

Siku ya kwanza pima mikono yote: kulia, kushoto, kulia, kushoto, ukipumzika dakika moja kila baada ya kipimo. Tafuta wastani wa kila mkono kwa namba ya kwanza, yaani ile kubwa (katika 120/80 ni 120; ya pili ni 80).

Tofauti ikiwa chini ya 10, tumia mkono wowote, lakini uwe huohuo siku zote. Ikiwa 10 au zaidi, tumia wenye namba kubwa. Ikifika 15, mwambie daktari: mara nyingi ni ishara kwamba hata ateri inayokwenda kwenye mkono wenye namba ndogo imebana. Mkono huo unadanganya. Unaonyesha 125 wakati moyo unasukuma 150, na mtu anaweza kukaa miaka akiamini presha yake ni nzuri.

Mkono uliopooza usiutumie. Wala mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu.

## Hatua ya 3: Kaa inavyotakiwa

1. Nusu saa kabla: hakuna kahawa, chai ya rangi, sigara, miraa, wala kupanda ngazi.
2. Nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa kinaweza kuongeza 10 au zaidi.
3. Vua mkono wa nguo. Usiukunje kwenda juu: nguo iliyobana juu ya mkanda inageuka kamba. Anayevaa buibui au shati la mikono mirefu atoe mkono wote nje.
4. Kaa, mgongo kwenye egemeo, nyayo mbili sakafuni, miguu isipishane.
5. Laza mkono mezani, kiganja juu, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Meza ikiwa fupi, weka mto. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, namba inapanda kwa 7 au 8 bila sababu.
6. Nyamaza dakika tano. Simu mbali, redio izimwe, wajukuu watoke. Kuongea wakati mashine inapima ni kosa la kila siku, na wanaolifanya zaidi ni ndugu wanaomuuliza mgonjwa, "Inasemaje?"
7. Pima. Subiri dakika moja. Pima tena. Andika vyote viwili, hata usipovipenda.

Ukifuata haya, vipimo viwili hutofautiana kwa chini ya 10. Vikizidi hapo, pumzika dakika moja upime cha tatu, uandike vyote vitatu.

Mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo na mpangilio siku baada ya siku, pima mara tatu kila wakati na upeleke taarifa kwa daktari upesi. Moyo unaodunda ovyo ni chanzo kingine kabisa cha kiharusi, na dawa yake ni tofauti.

## Hatua ya 4: Siku saba, asubuhi na jioni

Asubuhi pima ndani ya saa moja baada ya kuamka, kabla ya dawa na kabla ya kula. Jioni pima kabla ya chakula au kabla ya kulala, lakini saa ileile kila siku. Siku saba, mara mbili kwa siku, vipimo viwili kila mara: jumla 28.

Kipimo cha asubuhi kabla ya dawa kina maana yake. Kinaonyesha kama dozi ya jana ilidumu hadi asubuhi, saa ambazo viharusi vingi hutokea.

Usipime kila nusu saa kwa sababu ya hofu. Hofu nayo hupandisha presha, na daftari la vipimo vya namna hiyo haliwezi kusomeka.

## Hatua ya 5: Pima ukisimama

Hatua hii huachwa, na kwa mgonjwa huyu ndiyo yenye habari nyingi. Ifanye siku mbili katika zile saba, asubuhi moja na alasiri moja, na uwe na mtu karibu wa kukushika.

Lala chali dakika tano, pima. Simama, pima baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Namba ya kwanza ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya pili kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha inayoanguka kwa kusimama. Iandike na dalili zake: giza machoni, kizunguzungu, miguu kulegea. Mgonjwa akianza kuyumba, mlaze. Kipimo cha dakika ya tatu kiachwe.

Angalia jambo moja ambalo familia nyingi hulichukulia kuwa kifafa. Mtu akisimama, mkono mmoja au mguu wa upande mmoja unatikisika kwa dakika chache, akili zake zikiwa timamu, na akilala unatulia. Huyo huenda ubongo wake unakosa damu kwa sababu ateri ya upande wa pili imebana sana. Anahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtu anayeona kama pazia limeshuka kwenye jicho moja, kisha likafunguka baada ya dakika chache. Kwa kuwa jicho limerudi, watu husema limepona. Hicho ni kiharusi cha muda mfupi, na saa 48 zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa zaidi.

## Hatua ya 6: Lisome daftari

Ondoa vipimo vya siku ya kwanza, maana siku hiyo mtu huwa bado anaizoea mashine. Jumlisha namba za kwanza (zile kubwa) za vipimo vyote vya siku sita zilizobaki, gawanya kwa idadi yake. Fanya vivyo hivyo kwa namba za pili. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu.

Kisha tazama jinsi namba zinavyoruka. Tuseme watu wawili wameandika hivi:

- Wa kwanza: 138, 142, 136, 140, 141, 139
- Wa pili: 118, 164, 122, 160, 115, 157

Jumla ya kila mmoja ni 836, na wastani ni 139. Ukimtajia daktari wastani peke yake, hawa ni wagonjwa sawa. Lakini wa kwanza anaruka kwa 6 tu, wa pili kwa 49. Wa pili kila siku anapitia hatari zote mbili zilizoelezwa juu, na kumwongezea kidonge bila kujua kwa nini anaruka kunaweza kuisukuma ile 115 hadi 95.

Zungushia duara kila namba iliyo kubwa au ndogo kupita nyingine kwa 20. Halafu soma safu ya maelezo ya siku hiyo. Asubuhi ikiwa juu kila siku na jioni chini, huenda dawa inaishiwa nguvu usiku, au mgonjwa anakoroma na pumzi kukatika usingizini. Duara zikikosa mpangilio, nenda hatua ya 7.

## Hatua ya 7: Tafuta kinachoirusha

Dozi zilizorukwa. Hiki ndicho cha kwanza kutazama. Hesabu vidonge vilivyobaki, ulinganishe na tarehe ya kununua. Amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo kuchelewa saa chache hakuirushi presha sana. Atenololi ni tofauti: ukiiacha ghafla, presha na mapigo hupanda kwa kasi. Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Ikiwa ya kesho imekaribia, iache. Usimeze mbili pamoja. Iwe asubuhi au jioni, chagua saa ambayo hutasahau: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2022 haukuona tofauti kati ya kumeza asubuhi na kumeza jioni.

Dawa za kununua dukani. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa zake. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hukaza mishipa. Parasetamoli ya kuyeyusha kwenye maji ina sodiamu nyingi. Ya kidonge cha kawaida ni afadhali. Dawa za nguvu za kiume na baadhi ya dawa za tezi dume hushusha, hasa mtu akisimama. Wazee wengi huzimeza kwa siri, kwa hiyo muuguzi aulize faraghani, kwa upole.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Samaki wa ng'onda, papa mkavu na vipande vya mchuzi vya kiwandani humaliza kiasi hicho kabla hujagusa kopo la chumvi.

Kukaukiwa maji. Kuharisha, kutapika na homa kali humfanya anayetumia dawa ya kukojosha aanguke presha haraka. Mpigie daktari siku ya kwanza umuulize kama dawa hiyo isimamishwe kwa muda. Ramadhani nayo ipangwe mapema: pwani ya Afrika Mashariki mfungaji hukaa saa 13 hivi bila maji, na dawa ya kukojosha iliyomezwa wakati wa daku humkausha ifikapo alasiri. Mwenye mbano mkali pande zote mbili amwulize daktari wiki kadhaa kabla, na asishangae akiambiwa asifunge.

Mlo mzito. Kwa wazee, presha huweza kushuka ndani ya saa mbili baada ya sahani kubwa ya wali au ugali. Kula kidogo kidogo, na usiinuke kwa haraka.

## Hatua ya 8: Mwombe daktari dari na sakafu

Nenda na daftari, orodha ya dawa na mashine yenyewe. Ilinganishe na ya kliniki mara moja kwa mwaka. Ikipishana kwa zaidi ya 10 mara kwa mara, ibadilishe.

Mwombe akuandikie namba mbili kwenye jalada la daftari: ya juu ambayo ukiivuka upige simu, na ya chini ambayo ukishuka chini yake upige simu. Baada ya kiharusi, wengi hulengwa kufikishwa chini ya 130/80, taratibu, kwa wiki kadhaa. Lakini mtu ambaye ateri zote mbili za shingo zimebana kwa asilimia 70 au zaidi, na hajafanyiwa upasuaji, daktari anaweza kumwekea lengo la juu zaidi kwa makusudi. Usishindane na jirani ambaye presha yake ni 118.

Muulize pia kuhusu upasuaji. Kwa mtu aliyekwisha kuonyesha dalili na mbano wake ni asilimia 70 au zaidi, kusafisha ateri kunafaa zaidi kukifanyika ndani ya siku 14 tangu dalili zitokee. Baada ya upasuaji au kuwekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoishikilia ateri iwe wazi), hesabu inageuka: ubongo uliozoea damu kidogo sasa unapokea nyingi, na presha ya juu katika wiki za mwanzo inaweza kuleta degedege au damu kuvuja. Maumivu makali ya kichwa upande uliofanyiwa kazi ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo.

## Hatua ya 9: Siku namba zinapotisha

180/120 au zaidi, bila dalili nyingine. Kaa kimya dakika tano, pima tena. Kama hukumeza dawa ya leo, imeze ile ya kawaida tu. Mpigie daktari siku hiyohiyo. Usiongeze kidonge, usiazime cha jirani, na usitoboe kapsuli ya nifedipini na kuiweka chini ya ulimi. Njia hiyo ya zamani hushusha presha kwa kishindo, na imewahi kuwaletea watu kiharusi kilekile walichokuwa wanakikimbia.

Chini ya sakafu yako, na kizunguzungu. Lala, inua miguu juu ya mito, kunywa maji kama uko macho na unameza vizuri. Pima tena baada ya dakika kumi. Usimeze kidonge kinachofuata cha presha kabla ya kuongea na daktari.

Dalili za kiharusi, namba ikiwa yoyote ile. Mdomo umepinda, mkono mmoja unaanguka ukiuinua, maneno hayatoki au hayaeleweki, jicho limeingia giza, mwendo umepotea ghafla. Hapa mashine iache mezani. Mgonjwa aende hospitali yenye CT skani (mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa), hata kama dalili zimepotea njiani.

Usimpe aspirini: bila skani hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimpe dawa ya presha. Usimpe maji wala uji, anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu akitapika. Kama ana kisukari na kipimo cha sukari kipo, mpime ndani ya dakika moja, maana sukari ikishuka sana huiga kiharusi.

Andika saa ambayo mtu alimwona mara ya mwisho akiwa mzima. Kama aliamka nacho, ni saa aliyokwenda kulala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu hapo, na swali hilo ndilo daktari wa dharura atakaloanza nalo. La pili litakuwa dawa anazotumia, hasa kama anameza za kuzuia damu kuganda. Chukua daftari na mfuko mzima wa vidonge, usiache hata paketi tupu.